Nyuma ya Kufuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ndani ya Majengo Mashuhuri ya Dunia

Picha za nje kila mtu anazo simuni. Kinachozua maswali ni ndani, hasa kila inapozuka video fupi yenye muziki wa kutisha na maandishi mekundu, "CHUMBA CHA SIRI". Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu wake, mengine sentensi tatu zinatosha.

Kwa nini sehemu hizi hufungwa? Kuna kitu kinafichwa?

Mara nyingi kinachofichwa ni ngazi nyembamba. Jengo la mwaka 1886 halikuchorwa kwa ajili ya umati wa watalii wenye mabegi mgongoni, na mtu wa zimamoto wa leo akiona mlango wa kuingilia ndio huohuo wa kutokea, anatia kufuli.

Sababu ya pili ni pumzi. Usicheke. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lenye michoro ya farasi na mafahali iliyokaa gizani maelfu ya miaka, liligunduliwa mwaka 1940 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1948. Kufikia 1963 lilikuwa limefungwa. Joto, unyevu na hewa iliyotoka vifuani mwa watu vilikuwa vimeotesha utando wa kijani wa mwani juu ya michoro. Tangu 1983 wageni wamekuwa wakionyeshwa nakala.

Ya tatu ni heshima. Kaburi ni kaburi, na nyumba ya ibada ina wenyewe.

Ni kweli watu walikuwa wakipanda hadi kwenye mwenge wa Sanamu ya Uhuru, New York?

Walipanda, hadi mwaka 1916. Usiku wa tarehe 30 Julai mwaka huo, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, bohari la silaha la Black Tom, upande wa New Jersey, lililipuliwa na wahujumu wa Ujerumani. Vipande vya vyuma viliruka hadi kwenye sanamu, na tangu siku hiyo mwenge haujafunguliwa tena kwa umma. Njia yake ni ngazi ya chuma ya kupanda kwa mikono na miguu, mita 12 hivi, ndani ya mkono ulioinuliwa. Wanaoipita ni mafundi wa taa.

Mwenge unaouona leo si ule wa mwanzo. Mwaka huohuo wa 1916 mchongaji Gutzon Borglum (lishike jina hilo, litarudi) aliutoboatoboa mwali wa shaba na kupachika mamia ya vipande vya kioo ili mwanga utokee ndani. Ulipendeza kwa macho, lakini mvua ilipata njia, ukavuja miaka na miaka. Katika ukarabati wa 1984 hadi 1986 ulishushwa, ukawekwa mpya wenye mwali uliofunikwa kwa jani la dhahabu. Ule mkongwe umehifadhiwa kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2019 kisiwani hapohapo, na unaweza kuusogelea kuliko alivyowahi kuusogelea mtu aliyesimama chini.

Na taji lake je?

Taji linaingilika ukikata tiketi yake mapema. Lilifungwa baada ya tarehe 11 Septemba 2001, likafunguliwa tena tarehe 4 Julai 2009. Kutoka juu ya kitako cha sanamu ni vidato 162 vya ngazi ya kuzunguka, na kiangazi mle ndani ni tanuri. Ukifika utakuta madirisha 25, madogo kuliko ulivyodhani, na wengi hupiga picha mbili wakashuka.

Mimi ningekushauri utazame ukuta. Uso wa sanamu unauona kwa nyuma: palipochomoza nje pameingia ndani, pua ni shimo, nywele ni mifereji, kama ukigeuza kinyago ukakitazama upande wa kuvalia. Bati lake la shaba lina unene wa milimita 2.4 tu. Lisingeweza kusimama lenyewe. Limeshikizwa kwenye mifupa ya chuma iliyosanifiwa na Gustave Eiffel, kwa vishikio vinavyoliacha litanuke kwa jua na licheze kwa upepo. Upepo wa kilomita 80 kwa saa huiyumbisha sanamu kwa sentimita 7 na nusu hivi, na mwenge mara mbili ya hapo.

Wajenzi walijua kwamba chuma kikigusana na shaba kwenye hewa ya chumvi hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni chuma. Kwa hiyo waliweka asbesto katikati. Asbesto ikachakaa, chuma kikavimba kwa kutu, ribiti zikaanza kung'oka. Katika ukarabati ule wa miaka ya 1980 vyuma vilivyoshika bati vilitolewa, vikawekwa vya chuma kisichoshika kutu. Mtu wa pwani aliyewahi kutazama misumari ya paa lake baada ya masika matano hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimesikia kuna chumba nyuma ya kichwa cha Lincoln, Mlima Rushmore. Uongo?

Kweli tupu, ila si chumba cha hazina. Yule Borglum wa mwenge ndiye aliyechonga nyuso nne za marais kule South Dakota, na alitaka nyuma yake kuwe na ukumbi mkubwa wa kumbukumbu ndani ya mwamba, wenye nyaraka za taifa, ili watu wa maelfu ya miaka ijayo wasijiulize wale wanaume wanne walikuwa nani. Mwaka 1938 wakaanza kupasua. Mwaka 1939 Bunge la Marekani likasema hapana, maliza nyuso kwanza. Borglum alifariki Machi 1941, na kazi yote ikasimama Oktoba mwaka huo.

Kilichobaki ni handaki la mita 21 hivi, kuta zake zikiwa bado na mashimo ya keekee kama sega la nyuki. Mwaka 1998 waliliheshimu wazo la marehemu kwa kiasi: waliweka mlangoni sanduku la mti wa msaji lenye vibao 16 vya kaure vilivyoandikwa habari za mlima na za nchi, ndani ya kasha la titani, wakafunika kwa bamba la mwamba. Wageni hawaruhusiwi kufika. Njia ni korongo lenye mwinuko mkali, na ukifika utaona shimo lililokatizwa.

Je, Eiffel alikuwa na nyumba yake juu ya mnara wa Paris?

Alikuwa na sebule, kwenye ghorofa ya tatu, ile ya juu kabisa. Ilipambwa kama nyumba ya mtu mwenye nafasi yake: karatasi za maua ukutani, viti vya mto, hata piano. Matajiri wa Paris walitaka kuikodi, akakataa. Wageni wake walikuwa watu kama Thomas Edison, aliyepanda Septemba 1889 akiwa na zawadi ya santuri aliyoibuni. Leo unachungulia kupitia kioo na kuona sanamu za nta: Eiffel, binti yake Claire, na Edison.

Kilichonivutia zaidi ni matumizi ya kileleni. Eiffel aliruhusiwa kuuweka mnara kwa miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Akajitahidi kuufanya uwe na kazi: vipimo vya hali ya hewa, majaribio ya upepo, halafu redio. Redio ya jeshi ndiyo iliyouokoa. Kwa hiyo pale juu hapakuwa mahali pa kunywea chai peke yake, palikuwa pia hoja ya mwenye mnara mbele ya jiji.

Ndani ya Al-Kaaba kuna nini?

Swali hili halikosi, na ninalijibu kwa uangalifu. Kuna nafasi tupu, safi, iliyotandikwa marumaru. Nguzo tatu za mbao zinashikilia dari, na kati ya nguzo na nguzo zimening'inizwa taa za kale. Sehemu ya chini ya kuta ni marumaru, sehemu ya juu ni kitambaa kilichotariziwa. Upande mmoja kuna mlango mdogo uitwao Bab al-Tawba, unaoelekea kwenye ngazi ya kupandia darini. Hakuna sanamu, hakuna kaburi, hakuna sanduku la siri. Masanamu yaliondolewa Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijria, na siku hiyo Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia pamoja na Bilal, Usama bin Zayd na Uthman bin Talha, akaswali humo.

Mlango uko juu ya ardhi kwa zaidi ya mita mbili, ndiyo maana huletwa ngazi ya magurudumu. Ule wa sasa uliwekwa mwaka 1979, zama za Mfalme Khalid, na umetumia kilo 280 za dhahabu. Ufunguo unashikwa na ukoo wa Banu Shaiba, kizazi baada ya kizazi, tangu Mtume alipomrudishia Uthman bin Talha.

Nyumba hufunguliwa kwa ajili ya kuoshwa. Huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyochanganywa na maji ya waridi, na kuta hupanguswa kwa vitambaa vilivyotiwa manukato. Wanaoingia ni viongozi, wageni wa serikali na watu wachache walioalikwa.

Nikienda umra, hakuna njia yoyote ya kuswali ndani?

Ipo, na wengi huipita bila kujua. Ule ukuta mfupi wa nusu duara ulio kando ya Al-Kaaba, Hijr Ismail, umezunguka eneo ambalo sehemu yake ni ya Nyumba yenyewe. Makuraishi walipoijenga upya mali ya halali iliwapungukia, wakaifupisha. Bibi Aisha alipotamani kuswali ndani, Mtume alimshika mkono akamwingiza Hijr, akamwambia aswali hapo. Basi ukipata nafasi ya rakaa mbili pale, umeswali ndani. Na uwe mpole kwa mwenzako anayesubiri nyuma yako.

Makaburi tunayoyaona Taj Mahal ni ya kweli?

Hapana. Majeneza ya marumaru yaliyonakshiwa mawe ya rangi, yale yaliyozungushiwa uzio wa marumaru iliyotobolewa kama utepe wa lesi, ni alama tu. Malkia Mumtaz Mahal, aliyefariki 1631, na mumewe mfalme Shah Jahan, aliyefariki 1666, wamelazwa chini yake, kwenye chumba kisicho na makuu. Ngazi ya kushukia imefungwa.

Isipokuwa siku tatu kwa mwaka. Wakati wa Urs ya Shah Jahan, yaani kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo chake, mwezi wa Rajabu, chumba cha chini hufunguliwa, kiingilio ni bure, na watu huingia na shuka refu la rangi nyingi la kufunikia kaburi, wakiimba kawali, nyimbo za dini za Kisufi. Kwa kuwa tarehe zinafuata mwezi mwandamo, kila mwaka zinarudi nyuma kwenye kalenda ya kawaida. Panga safari kwa hesabu hiyo.

Kuhusu "vyumba 22 vilivyofungwa" vinavyosambaa mitandaoni: mwaka 2022 kuna aliyekwenda mahakamani akitaka vifunguliwe, Mahakama Kuu ya Allahabad ikalitupa ombi. Idara ya mambo ya kale ya India ilikwisha kutoa picha za baadhi ya vyumba hivyo vikikarabatiwa. Ni kuta, matao na chokaa mpya.

Ndani ya Piramidi Kuu ya Giza pakoje?

Nimeingia humo, na magoti yangu bado yanakumbuka. Unapita kwanza kwenye handaki la kuchonga, linalosimuliwa kuwa la khalifa al-Ma'mun wa karne ya 9, kisha kwenye njia ya kupanda yenye kimo cha mita 1.2 hivi. Mtu mzima hupanda amejikunja, na anayeshuka anakutana na wewe uso kwa uso, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa lugha yake. Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja akisema "Yarabi, Yarabi" kila hatua. Halafu ghafla dari linatoweka, unasimama wima: ukumbi wa ngazi wenye kimo cha mita 8 na zaidi, kuta zake zikikaribiana kadiri zinavyopanda juu.

Chumba cha mfalme kiko mwisho wa hapo. Ni itale nyekundu iliyoletwa kwa Mto Nile kutoka Aswan, mita 10 na nusu kwa 5. Hakuna mchoro hata mmoja. Kuna jeneza la jiwe, tupu, lililo pana kuliko njia ya kuingilia, maana yake liliwekwa wakati piramidi ikijengwa. Ukitarajia dhahabu na maandishi utasononeka. Maandishi yapo kwenye Bonde la Wafalme, Luxor.

Usichokiona kiko juu ya kichwa chako. Juu ya dari hilo kuna vijumba vitano vya kupunguza uzito, kimoja juu ya kingine, vifupi kiasi kwamba mtu hutambaa. Cha kwanza kiliingiwa mwaka 1765, vinne vilifikiwa kwa baruti mwaka 1837. Humo ndimo lilimokutwa jina la Khufu, mfalme aliyejengewa piramidi hii, limepakwa kwa rangi nyekundu na wajenzi wenyewe, mengine kichwa chini miguu juu, kama alama za fundi kwenye tofali ambazo hakutegemea kuwa mtu atazisoma.

Na ule "uwazi mkubwa" uliogunduliwa?

Mwaka 2017 watafiti wa mradi wa ScanPyramids walitangaza uwazi wenye urefu wa angalau mita 30 juu ya ukumbi wa ngazi. Waliuona bila kutoboa, kwa kupima chembe ziitwazo muoni, zinazomiminika kutoka angani kila wakati na kupita kwa wingi zaidi pasipo na jiwe. Ni kama eksirei inayotumia mvua ya mbinguni. Mwaka 2023 walithibitisha njia nyingine fupi, mita 9, nyuma ya mawe ya upande wa kaskazini, na hii waliipenyezea kamera nyembamba kwenye ufa. Ilikuwa tupu. Ule uwazi mkubwa hajaingia mtu.

Kaburi la mfalme wa kwanza wa China, lenye askari wa udongo, limefunguliwa?

Mashimo ya askari ndiyo, tangu wakulima waliokuwa wakichimba kisima walipoyagundua mwaka 1974. Kaburi lenyewe, kile kilima, bado. Askari walipotolewa, rangi zao zilikauka na kubanduka muda mfupi tu baada ya kukutana na hewa kavu, na wataalamu hawataki kurudia kosa hilo kwa mfalme. Tena mwanahistoria Sima Qian aliandika kwamba ndani kuna mito ya zebaki, na vipimo vya udongo wa kilimani vimekuta zebaki nyingi kupita kawaida.

Naweza kupanda Big Ben?

Kwanza, Big Ben ni kengele. Mnara unaitwa Elizabeth tangu 2012. Ziara zilirudi 2023 baada ya ukarabati wa 2017 hadi 2022, na tiketi huisha upesi kama mandazi ya asubuhi. Ni vidato 334 hadi kwenye kengele.

Njiani unapita nyuma ya nyuso za saa, kila moja mita 7 kwa upana ikiwa na vipande 324 vya kioo, na vivuli vya mishale vinatembea mbele yako. Chini ya kengele kuna mashine ya saa. Juu ya pendula yake wameweka sarafu za zamani za peni. Ukiongeza moja, saa inakwenda mbele kwa sekunde 0.4 kwa siku, ukiiondoa inarudi. Hivyo ndivyo saa mashuhuri kuliko zote inavyorekebishwa hadi leo, kwa vichele. Kengele yenyewe, tani 13.7, ilipasuka Septemba 1859, miezi miwili tu baada ya kuanza kulia, kwa sababu nyundo ilikuwa nzito mno. Waliigeuza kidogo, wakaweka nyundo nyepesi, na ule mlio wake wenye mkwaruzo ni sauti ya ufa.

Sanamu ya Kristo, Rio de Janeiro, ina mlango?

Ina mlango kwenye kitako, na ndani ni zege na ngazi hadi mikononi na kichwani. Mafundi hutokea kwenye vifuniko vya mabegani na kichwani kukarabati palipopigwa na radi. Kifuani, kwa ndani, kuna umbo la moyo lililonakshiwa mawe yaleyale ya nje.

Kuna vingine ambavyo ni rahisi kuona kuliko watu wanavyodhani?

Roma, viwili. Vyumba vya chini vya Koloseo, ule uwanja wa kale wa mapambano, walimowekwa wanyama na lifti za kuwapandishia, vilifunguliwa kwa ukamilifu 2021. Na makaburi ya kale chini ya Basilika la Mtakatifu Petro hupokea vikundi vidogo vinavyoomba nafasi mapema kwa ofisi ya machimbo ya Vatican.

Mnara wa Washington una mawe 193 ya kumbukumbu kwenye kuta zake za ndani, lakini ngazi zimefungwa tangu miaka ya 1970, kwa hiyo unayaona machache lifti inaposhuka. Jiwe la Papa Pius IX liliibwa mwaka 1854 na watu waliochukia Wakatoliki.

Nitajuaje kama ziara ya "chumba cha siri" ni ya kweli?

Tafuta tiketi kwa wenye jengo kwanza. Mimi niliwahi kumlipa mtu, kwenye jiji ambalo sitalitaja, kwa "njia ya chini isiyofunguliwa kwa umma". Tulishuka kwenye maegesho ya magari. Alituonyesha bomba.

Afrika Mashariki tuna jengo la namna hii?

Tunalo, na linatuuma. Beit al-Ajaib, Zanzibar, lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, likaitwa la maajabu kwa umeme wake na lifti yake, kabla majumba mengine ya ukanda huu hayajaota mambo hayo. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyobomoa jirani yake. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja, pamoja na mnara wa saa, ulianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Wengi sasa wanalijua kwa nje tu, likiwa na uzio.

Niliingia nikiwa mwanafunzi, lilipokuwa makumbusho. Nguzo za chuma, milango mikubwa iliyochongwa aya kwa dhahabu, vigae vyeusi na vyeupe. Lakini nilichokwama nacho kilikuwa uani katikati: mtepe mzima, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja. Mlinzi mmoja mzee aliniona nikiinama kutazama mishono. Akaniambia, "Mwanangu, usiivute. Ndiyo inayoshika chombo."